Umekula Nini, Saumu

Mwanangu Saumu,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni cherehani na paka, natangaza kwamba gauni langu la kitenge cha kijani limestaafu rasmi leo alasiri. Limeitumikia nyumba hii kwa uaminifu. Limehudhuria harusi, limehudhuria Idd, limekaa mstari wa mbele kwenye mahafali yako. Kwa kutambua utumishi wake, limekatwa vipande na kushonwa kuwa vitambaa vya kushikia sufuria, navyo vimetundikwa jikoni kwenye ule msumari wa kichujio. Hotuba imekwisha. Mnaweza kukaa.

Barua hii nitaiweka katikati ya blauzi mbili nilizokushonea, si juu yake, maana ungeiona hapa nyumbani ungeisoma mbele yangu, na uso wangu haujui kutunza siri. Nadhani utaikuta ukifika chuoni Iringa ukianza kupanga nguo. Au utaikuta njiani, basi likisimama watu wakashuka kula chipsi na wewe ukabaki kwenye kiti. Hapo ndipo ninapopaogopa.

Mambo ya kufunga mlango, ya marafiki, ya sala na ya kutoazimisha simu, baba yako anayasema tangu juzi na namsikia bado anayasema huko sebuleni. Wewe unaitikia "sawa baba, sawa baba" kama mashine ya overloki. Nimemwachia. Mimi nataka kukueleza habari za lile gauni, na habari za mkono wako.

Tuanze na mkono. Nilipokupima blauzi, futi ilizunguka mkono wako wa juu ikapita pale ilipoishia mwaka jana. Nikajifanya nimekosea, nikapima tena. Ukaniuliza, "Umepungua, eeh mama?" kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Nikasema, "Umepungua." Nikapima kiuno. Kiuno kilikuwa kilekile, hakijasogea hata upana wa uzi. Hilo sikukwambia. Nikasema naenda kunywa maji, nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama pale kwenye kamba ya nguo bila kunywa chochote.

Kwa sababu, Saumu, mwili huo naujua. Nimeushonea nguo. Ni wangu.

Hukuwepo kwenye harusi ya wifi yangu kule Mpale, ulikuwa bwenini. Ukoo wa baba yako ulichagua sare ya kitenge cha kijani, na mimi nilikuwa sitaki kupanda mlima ule nikaonekana kama gunia la mahindi mbele ya mawifi. Mama Shabani wa saluni akaniletea simu yake. Kulikuwa na dada mmoja kwenye video, anacheka kila sentensi, anasema ukiacha wanga mwili unakuwa hauna la kufanya ila kuyala mafuta yake wenyewe. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna ndizi, hakuna muhogo, hakuna chapati. Mayai, nyama, mboga za majani, parachichi. Mama Shabani akasema, "Wanga ndiyo adui." Nikamwamini. Mtu anayekusuka nywele huwezi kubishana naye, kichwa chako kiko mikononi mwake.

Na kwa kweli nilipungua. Sitakudanganya kwa kuwa nataka ukubaliane nami. Wiki ya kwanza tu gauni likaanza kucheza mwilini. Nikalifumua pembeni nikalibana. Nikalibana tena. Nilijiona nina akili kuliko Korogwe nzima. Nilikuwa napita sokoni polepole ili watu wapate nafasi ya kuuliza.

Kule Mpale wakapakua pilau. Mimi nikaomba supu tupu. Sasa wewe unawajua bibi zako wa kule. Mwanamke aliyeolewa kwao, amekaa mkekani, anarudisha sinia la pilau. Kabla supu haijapoa jiko zima lilishaamua kwamba nina mimba. Mmoja akaja kuniuliza kwa siri ya watu wote, "Mama Saumu, ni wa miezi mingapi?" Nikasema sina mimba, nimeacha wanga. Akawageukia wenzake, "Anasema kaacha wanga." Na mwenzake, ambaye kwake neno hilo lina maana ya wale wanaotembea usiku na ungo, akashika kifua. "Kumbe alikuwa nao?"

Baba yako alicheka mpaka tuliporudi bondeni. Mimi sikucheka, nilikuwa na njaa.

Harusi ikapita, nikala. Si kwa ulafi. Nilikula kama watu wanavyokula. Na uzito ukarudi wote, ukaja na mgeni. Nikafumua ile mishono niliyoibana, nikaachia kitambaa kilichofichwa ndani, na nikaona haitoshi kiunoni, nikaongeza kipande. Lakini mikono ya gauni, Saumu, ile niliyoipunguza, sikuhitaji kuiachia. Ilibaki inanitosha vilevile. Nikaona ni bahati. Nikajiambia angalau mikono imebaki myembamba.

Mimi ni fundi. Kila siku napima watu na kujua kilichobadilika kabla wao hawajajua. Na hilo sikuliona.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Idd ile tuliyokwenda Handeni. Safari hii nilikuwa na ushahidi mwingine. Nilikuwa nimejisomea kwenye simu, nikajitungia na hoja yangu mwenyewe, ambayo niliipenda sana: Wamasai. Wanakula nyama, wanakunywa maziwa, na umemwona wapi Mmasai mnene? Mzee Lemburis huleta mashuka yake kwangu nimkunjie pindo, unamkumbuka, yule anayekuita "mwalimu" tangu ukiwa darasa la pili. Nikamwambia kwa majivuno, "Mzee, siku hizi nakula kama nyinyi. Nyama na maziwa, ugali basi."

Akaniangalia. "Kama sisi akina nani?"

"Nyinyi Wamasai."

"Mama Saumu, mimi asubuhi nimekula ugali. Na jana nimekula ugali. Nyama ni ya siku yenye nyama."

Nikaona aibu, nikamwambia basi zamani, wazee wenu.

"Wazee wetu walikuwa wanafuata ng'ombe kutwa nzima kwa miguu. Wewe unafuata nini?"

Nikamwonyesha cherehani.

Akaikagua juu na chini, kama anayetaka kuinunua mnadani. "Hii," akasema, "naona haiendi popote."

Nilimkunjia pindo na lilipinda. Lakini sikuacha. Ndivyo tulivyo, mtu akikuharibia hoja unatafuta nyingine, huachi jambo. Nikaendelea na mayai yangu, na safari hii uzito ulishuka kwa kusuasua. Kile kilichotoka mara ya kwanza kwa wiki, mara ya pili kilitaka mwezi na kiliondoka kwa kununa. Nikawa nasikia baridi. Korogwe, Saumu, mwezi wa Februari, mimi nimejifunika kanga dukani na wateja wanajipepea kwa vipande vya karatasi za mitindo. Nikawa na hasira za ovyo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nikaacha tena, uzito ukarudi haraka kuliko ulivyoondoka, ukajipanga tumboni.

Ndipo nikaenda kumwona Mama Neema, muuguzi, kwake nyumbani, maana kituoni ningeona haya. Nikamwambia mwili wangu umeharibika, sasa nanenepa hata kwa kunusa. Hakunicheka. Alinikalisha akanieleza, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Nikikosea kosa ni langu, si lake.

Alisema ule mzigo wa kwanza unaoanguka wiki ile ya furaha, sehemu kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo inakaa na maji yake. Ukiacha wanga, akiba inatumika, maji yanatoka. Ukila tena, yanarudi. Kwa hiyo nilikuwa nimefumua gauni kwa ajili ya maji.

Halafu akasema mafuta nayo yanapungua kweli, lakini hayaendi peke yake. Mtu akila kidogo sana, na amekaa tu, mwili unachukua na nyama yake yenyewe, misuli. Na misuli ndiyo inayokula chakula hata ukiwa umelala. Ikipungua, mahitaji yako yanapungua. Juu ya hapo mwili wenyewe ukiona chakula kimekuwa haba unaanza kubana matumizi. Hapo nilimwelewa vizuri kuliko alivyotegemea. Mkaa ukipungua si tunapika chungu kimoja badala ya viwili, na hatupashi maji ya kuoga? Nyumba haifi. Inakuwa tu nyumba yenye baridi. Ndiyo ile kanga ya Februari.

Na ukirudi kula kama zamani, mwili uleule uliojifunza kubana unaona neema, unaweka akiba. Mafuta yanarudi upesi. Misuli hairudi kwa kula peke yake, inataka kazi. Kwa hiyo unaweza kurudi kwenye uzito uleule wa mwanzo na usiwe mtu yuleyule wa mwanzo. Mzani hautakwambia. Mzani hauna macho.

Nikamwuliza, ina maana kila anayeacha wanga anaharibikiwa? Akasema hapana. Wapo wagonjwa wa sukari ambao daktari mwenyewe anawaambia wapunguze, na anawafuatilia. Wapo wanaokula nyama na maharage ya kutosha na kufanya kazi za nguvu, wakapungua na misuli yao ikabaki. Na hata wataalamu, akasema, hawajakubaliana ni madhara kiasi gani yanabaki kwa mtu anayepanda na kushuka, wengine wanasema mwili unasahau, wengine wanasema hausahau. "Mimi ninachokuona wewe," akasema, "ni mtu anayekula mayai mawili na hasira, na kukaa kwenye kiti kutwa."

Niliondoka nimeelewa yote. Na baada ya miezi michache nikaanza tena mara ya tatu. Nataka ulijue hilo kuliko yote niliyoandika juu. Usije ukafikiri ukishajua jambo umeshapona. Nilijua, na nikaanza tena, kwa sababu mzani ulikuwa chini ya kitanda na ile wiki ya kwanza ya furaha nilikuwa naikumbuka kama mtu anavyomkumbuka mchumba.

Na mara ya tatu sikuwa peke yangu. Ulikuwepo wewe.

Hapa ndipo kalamu inataka kwenda kunywa maji.

Ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nakushonea sketi ya shule, nimepiga magoti nyuma yako, pini mdomoni, futi shingoni, nikasema kwa sauti ya kazi, kama ninavyomwambia mteja yeyote, "Huku nyuma umejaza." Kwa fundi, maneno hayo ni habari ya kitambaa. Maana yake ongeza inchi kwenye mshono. Nilikuwa nawaza kitambaa, Wallahi. Kesho yake ningekuwa nimesahau. Lakini jioni ile tulisonga ugali, na wewe, ambaye tangu ulipoota meno ulikuwa unagombania ukoko na baba yako mpaka tukawa tunaugawa kwa kisu, uliacha ukoko. Baba yako akasema, "Leo nimeshinda bila kupigana." Akaula wote. Mimi nikaona, nikaondoa vyombo.

Ukaanza kula mayai pamoja nami. Nami, badala ya kuogopa, nilifurahi. Nilikuwa nimepata mwenzangu. Tulikuwa tunasimama kwenye mzani kwa zamu, tunacheka, kama wasichana wawili waliokwenda kuchota maji. Miaka mitatu sasa unapanda na kushuka nyuma yangu, na mimi ndiye niliyekuonyesha ngazi ilipo.

Kilichonitoa mimi ni bibi yako, na alisema neno moja tu. Tulikwenda Kang'ata wakati wa mavuno, wewe ulibaki na baba yako. Asubuhi nikaongozana na mama kisimani. Mama yangu yule, ambaye mgongo wake umeanza kuinama, ambaye anakula bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi na ugali wa mahindi jioni na hajawahi kusikia kwamba ana maadui. Nikajaza ndoo. Nikainama niinyanyue nijitwike kama nilivyofanya utoto wangu wote, na ndoo haikuja. Nikajaribu tena. Ikafika magotini, mikono ikaanza kutetemeka kama ya mgonjwa wa malaria, nikaitua na nusu ikamwagika miguuni. Mama akaniangalia mikono. Hakuangalia tumbo, hakuangalia uso, aliniangalia mikono. Akasema kwa Kizigua neno moja ambalo sitaliandika kwa sababu utaenda kumuuliza maana yake. Kisha akajitwika ndoo yake, akaishika na ile yangu kwa mkono, akaondoka.

Nilitembea nyuma yake njia nzima, nimebeba kata ya kuchotea.

Niliporudi Korogwe nilichukua futi nikajipima mwenyewe mbele ya kioo, bila kuruka mahali. Mkono mwembamba, paja jembamba, nyuma kumekuwa kama ubao wa kukatia, na kiuno kipana kuliko siku niliyoanza. Nikalitoa lile gauni nikaligeuza ndani nje. Lilikuwa limejaa makovu. Mishono juu ya mishono, matundu ya sindano ya kila mara nilipobana na kuachia, kitambaa kimechoka pembeni kinakaribia kuonyesha mwanga. Mbele lilikuwa bado gauni zuri.

Tangu hapo nakula. Ugali wa wastani, maharage, dagaa, mboga, tunda likiwepo. Maji nachota mwenyewe, na yule kijana wa mkokoteni ananichukia kwa kumnyima kazi. Pasi ya mkaa nainyanyua kwa mkono huu na ule hata kama hakuna cha kupiga. Mkono unarudi, polepole sana, kwa kujivuta. Kiuno bado kinafikiria. Sijui kama nitarudi nilivyokuwa. Mama Neema naye anasema hajui, na nampenda kwa hilo.

Lakini wewe hukuacha. Nilipoacha mimi uliniangalia kama mtu aliyekimbia vita. "Mama umekata tamaa," ukasema. Na nilipojaribu kukueleza ukasema, "Mama jamani, wewe ulikosea tu namna ya kufanya." Hilo sikuweza kulijibu kwa sababu hata mimi mara ya pili nilisema hivyohivyo juu ya mara ya kwanza.

Mwezi uliopita tulipopeleka mashuka kwa yule mteja wa Mkumbara, tuliposhuka barabarani ulibeba mfuko mdogo na mimi mkubwa. Ukatua njiani. Ukatua tena pale kwa wauza nyanya. Nikakuuliza ukasema, "Jua hili, mama." Saumu, kulikuwa na mawingu. Tulikuwa tumebeba mwavuli kwa ajili ya mvua. Nilikupokea mfuko nikakutania kwamba utaolewa na mchukuzi, ukacheka, na mimi nilikuwa natazama midomo yako nione kama bado ina damu.

Sasa hofu yangu, na usinicheke. Hofu yangu ni neno.

Sisi watu wa huku tuna ukaidi mmoja. Mtu anaweza kula mayai, akala parachichi, akala na kipande cha nyama, ukimuuliza umekula anakujibu, "Sijala bado." Anamaanisha hajala ugali. Hajashiba. Nilikuwa naliona neno hilo ni la kishamba. Nikiwa kwenye mayai yangu nililipiga marufuku dukani. Mtu akisema hajala namwambia, "Si nimekuona na karanga?" Leo naona neno hilo lilikuwa na macho kuliko mzani wangu.

Juzi mchana nilikuuliza, "Umekula?" Ukajibu, "Nimekula." Nikauliza, "Umekula nini?" "Mayai." Nikasema, "Basi hujala," na ukakasirika, ukasema nimekuwa kama bibi wa Kang'ata. Nilipokea kama sifa.

Lakini hapa angalau niliweza kuuliza swali la pili na kukuangalia unavyojibu. Ukiwa Iringa nitapiga simu, nitasema umekula, utasema nimekula mama, na mimi nitakuwa na sauti tu. Sauti haina mkono wa kupima. Nitakata simu nikae hapa nishone pindo la mtu limepinda. Iringa kuna baridi ya kweli, si ya kwangu ya Februari, na wewe unakwenda huko na mwili uliojifunza kubana mkaa. Utakuwa na ndoo za kubeba ghorofani, na vitabu, na mtihani, na hakuna atakayeangalia mikono yako. Naogopa utaanguka ngazini, watu wakusanyike wakuulize umekula, na wewe uwaambie nimekula.

Tulikuita Saumu kwa sababu ulizaliwa mwezi wa mfungo, wakati wa futari, bibi yako akiwa na bakuli la uji mkononi. Hatukukuita hivyo ili kukupa kazi. Na hata saumu ya Mungu mwenyewe ina magharibi yake.

Sikuombi uache. Nimeshajua kwamba mtu haachi kwa kuombwa, mimi niliombwa na muuguzi. Sikuombi unipigie picha ya sahani kama baba yako alivyopendekeza, maana sahani inaweza kupigwa picha kisha ikapewa jirani, na mimi nilikufundisha ujanja huo bila kujua. Nakuomba neno. Nikikuuliza umekula, usinijibu nimekula. Nitajie chakula chenyewe. Ukisema wali maharage, nitasema haya. Ukisema mayai, nitanyamaza. Utanisikia nikinyamaza, lakini nitanyamaza. Na ukiwa hujala, sema sijala, kama mtu wa kwetu, bila haya, hata mbele ya wenzako wa chuo wanaotoka mjini. Nikisikia sijala nitalala, kwa sababu mwenye kusema hivyo bado anajua njaa iko upande gani.

Mzani, nimeutafuta kwenye begi lako leo nikiweka blauzi. Nimeukuta, umeuviringisha ndani ya taulo. Nimeuacha humohumo. Nilitaka kuutoa, nikaushika kabisa, ila nikaona ukifika ukiukosa utanunua mwingine na hutanisimulia. Badala yake nimekutilia futi yangu, ile ya zamani ya njano iliyofutika tarakimu za mwanzo. Siku ukisimama kwenye mzani, pima na mkono. Hilo tu. Ikiwa vyote viwili vinashuka pamoja, nipigie. Sitasema nilikwambia. Nitasema kitu kingine kibaya zaidi, lakini hilo la "nilikwambia" sitasema.

Leo nilisonga ugali mwingi makusudi, na maharage ya nazi yale unayoyapenda, nikijua ni chakula cha mwisho cha pamoja mpaka likizo. Ulikula maharage kwa kijiko kama uji. Ugali hukuugusa. Baba yako akanitazama, nikamkanyaga mguu asiseme. Kilichobaki nikakifunika kwenye sufuria, nikakaa hapa kwenye cherehani nikaanza kuandika, na tangu nimeanza naandika huku nasikiliza nyayo zako. Umekwenda chooni. Umerudi. Umecheka na baba yako. Umekwenda jikoni, umekaa kidogo, nadhani kutafuta chaja. Umekwenda kulala.

Nimeandika kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia, na sijui kama nimesema kitu au nimekuongezea mzigo wa kusafiri nao. Namwogopea mtoto ambaye kesho atakuwa mbali na mkono wangu, na mkono wenyewe unanishinda. Ngoja nikafunge mlango wa jikoni, kisha nimalize.

Nimerudi. Sufuria ni tupu, kiporo hakipo, ukoko umekwanguliwa. Kimojawapo cha vile vitambaa vya kijani kimeungua pembeni, na baba yako, kama unavyomjua, hapashi kiporo.